Kuiga mifumo ya kwanta ukiwa Kigoma: kompyuta mpakato, atomi baridi au mashine ya kubiti?

Wanafunzi waliosoma PCM hapa Kigoma wakaenda vyuoni hunirudia na swali moja: "Shikamoo mwalimu. Nataka mradi wangu wa mwaka wa mwisho uwe wa kuiga mifumo ya kwanta. Nianzie wapi?" Mifumo ya kwanta ni ile ya chembe ndogo kama atomi na elektroni, na kuiiga ni kuutafuta mwendo wake kwa kompyuta au kwa mfumo mwingine. Wengi huwa wameshasoma habari za mashine zenye kubiti (biti za kwanta) zaidi ya mia zinazofikiwa kwa intaneti, na wameanza kuiona kompyuta mpakato yao yenye RAM ya GB 8 kuwa ya kuchapia ripoti tu. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili yao, na kwa walimu wenzangu wa fizikia wa Kigoma na Tabora wanaoulizwa hilohilo. Chaguo baya hula muhula mzima na bando lote, na mtu akatoka bila kuelewa jambo jipya kuhusu maumbile.

Niseme mapema ninapoegemea. Ukitaka kuelewa, anza na kompyuta uliyonayo. Atomi baridi, yaani atomi halisi zilizopozwa na kushikwa kwa leza, zifuate, kwa swali linalozifaa. Mashine ya kubiti na mageti (hatua ndogondogo za hesabu) ije mwisho, ingawa ndiyo inayovuma kuliko zote. Sababu ni hizi.

Ugumu wenyewe uko wapi

Chukua sumaku ndogondogo, wataalamu huziita spini, zimepangwa mstarini, kila moja ikielekea juu au chini. Kwa fizikia ya kawaida, spini 50 zinaelezwa kwa taarifa 50: hii juu, ile chini, basi. Kwa fizikia ya kwanta, hali ya mfumo hubeba mipangilio yote inayowezekana kwa pamoja, na kila mpangilio una namba changamano yake. Spini 10 zina mipangilio 1,024. Spini 20 zina 1,048,576. Kila namba changamano huchukua baiti 16, kwa hiyo hali moja tu ya spini 28 inajaza GB 4, ya spini 30 inajaza GB 16, na ya spini 50 inadai karibu GB milioni 17. Ukiongeza spini moja, mahitaji yanazidishwa kwa mbili. Na kipande cha chuma unachokishika mkononi kina elektroni zisizohesabika.

Richard Feynman alilisema jambo hili katika hotuba yake ya mwaka 1981 kule MIT, Marekani, iliyochapishwa 1982: maumbile yanafuata sheria za kwanta, basi mashine ya kuyaiga nayo izifuate sheria hizo. Mwaka 1996 Seth Lloyd akaonyesha kwamba wazo hilo linashika kihesabu: mashine ya kwanta inayoweza kupangwa ingeiga mfumo wowote ambao chembe zake huathiriana na za jirani, bila gharama kulipuka kama inavyolipuka kwenye kompyuta za kawaida.

Tangu hapo njia zimekuwa tatu. Unaweza kuhesabu kwa kompyuta ya kawaida kwa ujanja mkubwa. Unaweza kutengeneza mfumo halisi wa atomi unaofanana na ule unaoutafuta, ukautazama. Au unaweza kutumia kompyuta ya kwanta, ambayo hutekeleza mageti mfululizo mpaka matokeo yake yalingane na mwendo wa mfumo.

Kompyuta uliyonayo

Programu zote unazohitaji ni za bure: Python, maktaba za NumPy na SciPy, na ukipenda QuTiP au QuSpin, ambazo zimetengenezwa kwa kazi hiihii. Ukishazipakua mara moja, huhitaji mtandao tena. Kwa sisi wa huku hilo si jambo dogo. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na hata sasa mtu anayefanya hesabu ndefu anajua umuhimu wa kuhifadhi matokeo ya kati kila baada ya muda. Hesabu za ukubwa ninaoupendekeza humalizika kabla ya betri.

Mfano wa kuanzia ni mnyororo wa Ising wenye uga wa sumaku wa kukingama. Spini za jirani zinataka kuelekea upande mmoja, kwa nguvu J, na uga wa nje unazivuta upande mwingine kabisa, kwa nguvu h. Uga ukiwa mdogo, spini zinakubaliana. Ukiwa mkubwa, makubaliano yanavunjika. Kati yake kuna mpito wa awamu, yaani mfumo kubadilika tabia kama maji yanavyoganda, ila huu hautokani na joto hata kidogo, unatokana na sheria za kwanta peke yake, na kwa mnyororo mrefu usio na mwisho unatokea pale hasa h inapolingana na J. Jawabu kamili la kihesabu la mnyororo huu lilitolewa na Pierre Pfeuty mwaka 1970, kwa hiyo una kitu cha kujipimia.

Kwa spini 12, matriksi nzima ya nishati ina safu 4,096 na inachukua kama MB 128. Kompyuta yako inaipata hali ya chini kabisa ya nishati na hali nyingine zote bila kuhema. Kwa spini 14, matriksi hiyo inafika GB 2, na hapo unajifunza kwamba karibu namba zote ndani yake ni sifuri. Ukihifadhi zile zisizo sifuri tu, na ukatafuta hali ya chini pekee kwa mbinu ya Lanczos ambayo SciPy inayo tayari, unafika spini 20 ndani ya RAM ya GB 8 bila wasiwasi. Kufika 24 kunataka utumie ulinganifu wa mfumo kupunguza ukubwa wake.

Swali la haki ni hili: spini 20 zinaweza kusema nini kuhusu maada halisi? Zinasema mengi, ukijua kuzisoma. Katika mnyororo mfupi mpito hauonekani kama ukuta, unaonekana kama mteremko. Chora pengo la nishati kati ya hali ya chini na inayofuata kwa spini 8, 10, 12, 16 na 20, uone jinsi mteremko unavyokazana kuelekea h sawa na J kadiri mnyororo unavyorefuka. Mwanafunzi akiichora grafu hiyo mwenyewe anaelewa mpito wa awamu kuliko yule aliyekariri maana yake. Na anajua kila namba imetoka wapi, jambo ambalo njia nyingine mbili haziwezi kumpa.

Kuna ujanja unaokwenda mbali zaidi. Mwaka 1992 Steven White alileta mbinu iitwayo DMRG, ambayo haihifadhi mipangilio yote, inahifadhi ile tu yenye uzito katika hali ya mfumo. Inafanya kazi kwa sababu hali za chini za minyororo mingi zina mfungamano mdogo wa kwanta kati ya nusu moja na nyingine, yaani kila nusu karibu inaelezeka bila kuitaja nyingine. Kwa mbinu hiyo, kompyuta mpakato inamudu minyororo ya mamia ya spini. Inaposhindwa, inashindwa kwa sababu inayoeleweka: ukiustua mfumo ghafla na kuuacha uende, mfungamano unakua kadiri muda unavyopita na kumbukumbu inajaa. Mifumo iliyotandazwa kwenye bapa, badala ya mstari, nayo inaisumbua.

Njia ya Monte Carlo, ya kukadiria kwa sampuli za bahati nasibu, naipita haraka. Ni nzuri sana kwa mifumo fulani, lakini kwa elektroni nyingi na kwa sumaku ambazo haziwezi kuridhishana zote, hesabu zake zinajaa namba chanya na hasi zinazofutana, na kinachobaki ni makosa matupu. Matthias Troyer na Uwe-Jens Wiese walionyesha mwaka 2005 kwamba hakuna dawa moja rahisi ya kutibu tatizo hilo kwa mifumo yote.

Kwa hiyo mpaka wa kompyuta ya kawaida unajulikana: mifumo midogo kwa ukamilifu, minyororo mirefu iliyotulia kwa ujanja, na ukuta kwenye mienendo mirefu ya mifumo mikubwa na kwenye elektroni zilizosongamana. Nyuma ya ukuta huo ndiko mashine za kwanta zinakodai nafasi.

Atomi baridi

Fundi wa boti wa Ujiji anayetaka kujua umbo jipya litakaaje kwenye mawimbi ana njia mbili. Anaweza kukokotoa kani za maji, au anaweza kuchonga boti dogo la umbo hilohilo na kulitia ziwani. Mfumo wa atomi baridi, unaoitwa kiigaji cha analogia, ni boti dogo. Hakikokotoi chochote. Ni mfumo wa kwanta uliotengenezwa ili fomula yake ya nishati ifanane na ya mfumo unaoutaka, kisha unauacha uende na kuupima.

Kazi iliyoipa njia hii heshima ilifanyika Munich, Ujerumani, na kuchapishwa 2002. Kundi la Markus Greiner, Immanuel Bloch na Theodor Hänsch lilizinasa atomi za rubidi, zilizopozwa hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya kelvini, ndani ya vijishimo vilivyotengenezwa kwa mwanga wa leza. Vijishimo vikiwa vifupi, atomi zilitiririka huku na huko kama umajimaji usio na msuguano. Walipovizidisha kina kwa kuongeza nguvu ya leza, kila atomi ikajifungia mahali pake na utiririkaji ukakoma. Huo ni mpito wa awamu uliotabiriwa na nadharia ya mifumo iliyosongamana, na wao waliuendesha kwa kuzungusha kitasa cha leza.

Kinachonivutia katika njia hii ni ukubwa. Umbali kati ya vijishimo vya mwanga ni kama mara elfu moja ya umbali kati ya atomi ndani ya fuwele ya kawaida, na mambo yanakwenda polepole zaidi. Ndiyo maana mwaka 2009 kundi la Greiner, wakati huo akiwa Harvard, liliweza kuzipiga picha atomi moja moja katika kimia chake cha vijishimo. Ndani ya madini halisi huwezi kuitazama elektroni moja ikihama kutoka atomi hii kwenda ile. Na swali kubwa la elektroni zinazosongamana bado liko wazi: tangu Georg Bednorz na Alex Müller walipogundua mwaka 1986 kwamba baadhi ya kauri hupitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la juu kuliko ilivyodhaniwa, hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote. Modeli ya Hubbard, ya chembe zinazoruka kutoka kijishimo hadi kijishimo na kusukumana zikikutana, inayotajwa kila mara katika mjadala huo, ndiyo atomi hizi zinaiga kwa uzuri.

Lakini kisa ninachokirudia zaidi ni cha 2017. Kundi la Mikhail Lukin, Harvard pia, lilipanga atomi 51 za rubidi mstarini, kila moja imeshikwa kwa ncha yake ya leza. Atomi iliyochangamshwa hadi hali ya Rydberg, ambamo elektroni yake ya nje iko mbali sana na kiini, huvimba na kumzuia jirani yake asichangamke. Nguvu hiyo inapungua kwa kipeo cha sita cha umbali: ukizitenganisha atomi mara mbili, inakuwa sehemu moja ya 64. Walianza na mpangilio wa kupishana, iliyochangamka, iliyotulia, iliyochangamka, wakauacha mfumo uende. Kwa kawaida mfumo wenye chembe nyingi zinazoathiriana husahau ulikoanzia, kama kila kitu kinachopoa au kupashwa joto. Huu haukusahau. Ulikwenda kwenye mpangilio kinyume, ukarudi, ukaenda tena, kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, wakati mianzo mingine ilisahau haraka.

Hakuna aliyeiuliza mashine swali hilo. Wananadharia walianza kutafuta maelezo baada ya kuona matokeo, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba ndani ya wigo wa nishati wa mfumo huo kuna hali chache za pekee zinazokataa kusahau. Wameziita makovu ya kwanta. Hapa ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya njia mbili za kwanza. Kompyuta inajibu ulichouliza, lakini mfumo halisi unaweza kukuonyesha jambo ambalo usingefikiria kuliuliza.

Na sasa sehemu itakayomfurahisha mwanafunzi wa huku. Kwa kuwa majirani wawili hawawezi kuchangamka pamoja, mipangilio mingi haipo kabisa. Mnyororo wa atomi 16 ungekuwa na mipangilio 65,536, lakini kwa kizuizi hicho inabaki 2,584, namba ya Fibonacci, na mnyororo wa 20 unabaki na 17,711 badala ya milioni na ushei. Matriksi ya 2,584 inachukua kama MB 53. Maana yake, jambo lililoonekana katika maabara ghali kabisa unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye kompyuta yako ukiwa umekaa Mwanga au Kasulu: anza na mpangilio wa kupishana, fuatilia uwezekano wa mfumo kurudi ulikoanzia, kisha rudia kwa mwanzo mwingine na ulinganishe. Mimi sijui mradi wa shahada ya kwanza ulio bora kuliko huu kwa mtu asiye na maabara.

Je, mashine yenyewe inafikika? Ndiyo, kwa kiasi. Tangu Novemba 2022 mashine ya kampuni ya QuEra iitwayo Aquila, yenye atomi hadi 256, imepatikana kupitia huduma ya Amazon Braket. Unazipanga atomi upendavyo kwenye bapa, unaweka jinsi leza itakavyobadilika kwa muda usiozidi mikrosekunde 4, unatuma, unasubiri zamu. Unalipia kila kazi na kila marudio ya upimaji, kwa hiyo kadi ya malipo ya kimataifa inahitajika, na marudio ni mamia, kwa sababu kila upimaji unakupa picha moja tu ya mpangilio mmoja. Data inayopita kwenye mtandao ni ndogo, bando la kawaida linatosha. Ipo pia programu ya kuiga mashine hiyo kwenye kompyuta yako mwenyewe, na kwa atomi chache hakuna sababu ya kulipa kabla ya kuitumia.

Udhaifu wake usifichwe. Aquila inajua fomula moja ya nishati, ya atomi za Rydberg. Ukitaka kuiga kemia ya molekuli au elektroni zinazohama, si chombo chako. Leza haziko sawa kabisa kila mahali, atomi nyingine hupotea kabla ya kupimwa, na mfumo ukishazidi ule unaoweza kukokotolewa, huna pa kuhakikishia kwamba jibu ni la modeli yako wala si la kasoro za mashine. Mtafiti mwangalifu huanza na atomi chache, analinganisha na hesabu kamili, ndipo anaongeza. Hesabu hiyo kamili inafanyika wapi? Kwenye kompyuta ya sehemu iliyotangulia.

Kompyuta ya kubiti na mageti

Hii ndiyo yenye ahadi kubwa kuliko zote. Kama mageti ya lojiki ya kidato cha sita yanavyounganishwa kufanya hesabu yoyote, mageti ya kwanta yanaweza kuiga fomula yoyote ya nishati. Unaukata muda vipande vidogo, na katika kila kipande unatekeleza kwa zamu athari za jozi moja moja za spini. Vipande vikiwa vidogo vya kutosha, jumla yake inakaribia mwendo wa kweli.

Kwa upande wa gharama njia hii ni nafuu kuliko Aquila. IBM iliweka mashine ya kubiti 5 kwenye intaneti Mei 2016, na sasa inatoa dakika 10 za bure kwa mwezi kwenye mashine za kubiti zaidi ya mia, kupitia maktaba ya Qiskit. Dakika 10 ni za mashine kufanya kazi, si za wewe kukaa mbele ya skrini, kwa hiyo si haba. Unatuma kazi, umeme ukikatika au mtandao ukipotea, kazi inaendelea kule iliko na majibu unayakuta.

Kinachoitesa ni kelele, yaani makosa madogo ya mashine. Tuseme kila geti la kubiti mbili lina uwezekano wa kukosea mara 1 kati ya 100. Ukitekeleza mageti 100, uwezekano wa kumaliza bila kosa ni asilimia 37 hivi. Likikosea mara 1 kati ya 1,000, unapanda hadi asilimia 90. Sasa chukua jaribio maarufu la IBM lililochapishwa Juni 2023: kubiti 127 na mageti 2,880 ya kubiti mbili, wakiiga mfumo wa Ising unaopigwa mapigo ya uga kwa vipindi. Kwa kosa la 1 kati ya 100, uwezekano wa kupita salama ungekuwa chini ya moja katika bilioni elfu. Walipata majibu yenye maana kwa kuiongeza kelele makusudi kwa viwango vinavyojulikana, kuona jinsi jibu linavyoharibika, kisha kurudi nyuma kihesabu kukadiria jibu lisilo na kelele. Ni kazi ya akili nyingi, na niliisoma kwa heshima.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kukumbukwa na anayechagua. Ndani ya wiki chache tu, Joseph Tindall na wenzake wa Flatiron Institute, New York, waliikokotoa hesabu hiyohiyo kwa kompyuta za kawaida, kwa mbinu inayotokana na ukoo uleule wa DMRG iliyotengenezwa kufuata umbo la chipu ya IBM, na wakapata usahihi mkubwa kuliko wa mashine. Makundi mengine nayo yalifanikiwa kwa mbinu zao. Sisemi kwamba mashine ilikuwa bure: bila jaribio lile, mbinu hizo zisingesukumwa zilikosukumwa. Ila aliyedhani mwaka ule kwamba kompyuta ya kawaida imeshaachwa nyuma katika kuiga mifumo kama hiyo alikosea, na sababu ilikuwa kwamba mfungamano wa kwanta katika jaribio lile haukuwa umekua kiasi cha kuzishinda mbinu za kawaida. Hilo ndilo la kuuliza kila unaposikia tangazo: mfungamano umekua kiasi gani, na nani amejaribu kulikokotoa kwa njia ya kawaida?

Mashine za ayoni zilizonaswa zina mageti sahihi zaidi, na kila ayoni inaweza kuunganishwa na yoyote, lakini muda wake ni ghali na kwa mwanafunzi wa kujitegemea hazifikiki. Upande wa kurekebisha makosa, Google ilionyesha Desemba 2024 kwa chipu ya Willow, yenye kubiti 105, kwamba kuongeza kubiti katika kundi la kulindana kunaweza kupunguza makosa badala ya kuyazidisha. Huo ndio msingi uliokuwa ukisubiriwa.

Kwa nini basi nisiiondoe kabisa? Kwa sababu ya maharage. Wakulima wa Kasulu na Kibondo wanajua kwamba maharage yanauacha udongo na afadhali. Vinundu vya mizizi yake vina bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, kwa joto la kawaida la shambani. Viwanda vinafanya kazi hiyohiyo kwa nyuzi joto 400 hadi 500 na mgandamizo wa zaidi ya mara mia wa ule wa hewa, na mkulima wa tumbaku wa Tabora analipa sehemu ya gharama hiyo kila anaponunua mbolea. Ndani ya kimeng'enya cha bakteria hao kuna kishada cha atomi 7 za chuma, 1 ya molibdeni, 9 za salfa na 1 ya kaboni, na jinsi elektroni zake zinavyokaa na kuhama ni tatizo la kwanta ambalo kompyuta za kawaida zinahangaika nalo hadi leo. Atomi za Rydberg hazifanani nalo. Mashine ya mageti yenye kurekebisha makosa ndiyo inayofaa, na makadirio yaliyochapishwa 2021 yalisema kubiti kama milioni 4 zenye ubora unaofanana na wa sasa zingeikamilisha hesabu ya nishati yake kwa chini ya siku 4. Linganisha milioni 4 na mia na ushei. Safari ni ndefu, lakini inakoelekea kunatuhusu.

Uchague ipi

Mwalimu wa kidato cha tano na sita asihangaike na mashine za mtandaoni za mtu yeyote. Spini 2, kisha 3, kwa karatasi na kalamu, halafu 8 kwa Python mbele ya darasa kama shule ina projekta. Matriksi ya spini 2 ni ya 4 kwa 4 tu. Mwanafunzi wa PCM anayeijua hesabu ya matriksi anaweza kuiona nishati ikigawanyika mbele ya macho yake. Akitaka kuwaonyesha mageti, zana za kuchora sakiti za Qiskit zinaendeshwa kwenye kompyuta ya shule.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho achague kwa swali lake. Likiwa ni hali ya chini ya sumaku, au mpito wa awamu, au makovu ya kwanta, abaki kwenye kompyuta yake. Nguvu za mradi ziende kwenye kubadilisha ukubwa na kusoma mwelekeo. Likiwa ni kuhusu kelele yenyewe, jinsi makosa yanavyoharibu uigaji na jinsi ya kuyapunguza, dakika 10 za IBM zina thamani kubwa, kwa sababu kelele halisi haiigwi vizuri na programu. Hapo aige spini 4 hadi 6, ambazo jibu lake kamili analo, na achore umbali kati ya jibu la mashine na la kweli kadiri mageti yanavyoongezeka. Aquila ningemshauri iwapo tu ana msimamizi wa kulipia na mpangilio wa atomi kwenye bapa ambao mnyororo hauwezi kuueleza, kwa mfano sumaku za pembetatu, ambako jirani wa tatu hana upande wa kuelekea utakaowaridhisha wote wawili.

Asiyejua kuandika programu kabisa aanze na Python kwa miezi kadhaa kabla ya kugusa lolote kati ya haya. Hili nalisema kwa upendo, kwa sababu nimeona vijana wenye akili nzuri wakinakili msimbo wa Qiskit na kupata grafu wasiyoweza kuieleza mstari hata mmoja.

Kwa anayelenga uzamili, mlango wa karibu hauko mbali kama anavyodhani. Kigali ipo taasisi ya EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda na chini ya ushirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, inayofundisha fizikia ya nadharia hadi uzamivu, fizikia ya maada iliyosongamana ikiwemo. Kutoka Kigoma unapita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi hadi Rusumo. Aliyeko Tabora anashika njia ya Nzega na Kahama. Ukiwa tayari kuomba, andaa msimbo wako wa mnyororo wa atomi 16 na grafu ya uwezekano wa kurudi mwanzo, pamoja na aya mbili za maneno yako mwenyewe zinazoeleza kwa nini mwanzo mmoja unakumbuka na mwingine unasahau.